Stesheni Bila Treni: Miaka 13 ya Reli ya Nachingwea

Mwambie bodaboda yeyote wa Nachingwea mjini akupeleke Stesheni, atakupeleka bila kuuliza stesheni gani. Kata ya Stesheni ipo. Ina wakazi, ina wapiga kura, na wapo wasomaji wa kijitabu hiki ambao kitovu chao kimezikwa pale. Kisichokuwepo ni stesheni yenyewe. Hakuna reli, hakuna behewa, hakuna dirisha la tiketi. Watoto tuliowazaa huku mjini tukienda nao likizo ndilo jambo la kwanza wanalouliza, treni iko wapi? Wengi wetu tunawajibu kwa mkato kwamba ilikuwapo zamani, wakati wa Wazungu wa karanga, kisha tunawahimiza wakamsalimie bibi.

Sisi wa upande wa fedha katika jumuiya yetu tumezoea kupewa ukurasa mmoja tu wa kijitabu hiki, ule wa mapato na matumizi, ambao tunajua husomwa na watu wanne. Mwaka huu tumeomba kurasa za ziada. Tumeziomba kwa sababu habari ya stesheni ile, ukiichimba, ni habari ya hesabu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ililetwa na hesabu ikaondolewa na hesabu, na katika vitabu vyote vile viwili mwana Nachingwea hakuwa na safu yake.

Tuanze na chanzo. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Siagi na majarini viligawiwa kwa kipimo, na serikali ya chama cha Labour ilikuwa inatafuta mafuta popote yatakapopatikana. Mwaka 1946, Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa Company, alitoa wazo kwamba karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki, katika mapori ambayo yeye aliyaona hayana kazi. Serikali ikatuma ujumbe ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ujumbe ule ulizunguka kwa wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na mpango wa ekari 3,210,000. Mpango ulizigawa ekari hizo katika mashamba makubwa 107 ya ekari 30,000 kila moja. Tanganyika ilipewa 80. Kongwa ilipata 15, Urambo 10, na Jimbo la Kusini, yaani kwetu, 55.

Tunaomba msomaji asiipite haraka namba hiyo. Mashamba 55 ni zaidi ya nusu ya mpango mzima, pamoja na sehemu za Kenya na Rodeshia ya Kaskazini. Ni ekari 1,650,000. Siku hizi watu wakitaja Mradi wa Karanga wanataja Kongwa, kwa kuwa ndiko kazi ilikoanzia na ndiko waandishi wa magazeti walikokwenda kuona matingatinga yakivunjika. Lakini kwenye karatasi moyo wa mradi ulikuwa Nachingwea. Kongwa ilitangulia kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ilikuwa karibu na Reli ya Kati. Kusini hakukuwa na reli hata hatua moja, wala bandari ya kufunga meli kubwa, wala barabara ya kutegemewa masika.

Ndipo ikaamuliwa reli ijengwe. Na hapa ieleweke vizuri. Haikujengwa kwa ajili ya Wamwera, Wamakua, Wayao au Wamakonde waliokuwa wakilima mtama, mihogo, ufuta na karanga zao katika nchi hiyo tangu enzi. Ilijengwa kwa ajili ya mzigo ambao haujapandwa, utakaotoka katika mashamba ambayo hayajafyekwa.

Kipande cha kwanza kilianzia Mkwaya, ndani ya mkono wa bahari wa Lindi. Mkwaya ilikuwa bandari ya muda. Meli zilisimama nje, mizigo ikashushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi nchi kavu, mashine nzito zikiwemo. Kutoka hapo reli ya kipimo cha mita moja, kipimo kile kile cha Reli ya Kati, ilipanda kuelekea bara, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Wakati huo huo bandari ya kudumu ilikuwa inajengwa Mtwara, ambayo kabla ya hapo ilikuwa kijiji cha wavuvi jirani na mji wa kale wa Mikindani. Maji ya Mtwara yana kina na ghuba imekingwa na upepo. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, na reli ya kutoka Mtwara ikaungana na ile ya Nachingwea. Treni ya kwetu sasa ilikuwa na pa kuteremkia panapoeleweka.

Ila ilipofika 1954, mradi uliokuwa sababu ya reli hiyo ulikuwa umekwisha kufa miaka mitatu kabla.

Ulivyokufa kumeelezwa sana mahali pengine, nasi tutapita upesi. Matrekta yalikuwa mabaki ya vita, mengine yameletwa kutoka Ufilipino, na vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matingatinga. Udongo wa Kongwa ukikauka ni kama sakafu ya saruji, na karanga ni zao linalotaka kung'olewa chini. Mwaka wa kwanza ilikusudiwa zipandwe ekari 150,000; zikapandwa kama 7,500. Kwetu mvua ilikuwa nzuri kuliko Kongwa lakini pori lilikuwa zito, na mashine zilingoja reli wakati reli nayo inangoja bandari. Shirika la Overseas Food Corporation, lililochukua mradi kutoka kwa United Africa Company mwaka 1948, lilipunguza malengo, likapunguza tena, na mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha. Fedha zilizofutwa vitabuni zilikuwa karibu pauni milioni 36. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo ni shilingi milioni 720 za wakati ule, wakati kibarua alikuwa akilipwa kwa mwezi shilingi za kuhesabika kwa vidole vya mikono na miguu.

Sisi tunaofanya kazi ya ukaguzi tunajua kishindo cha kufuta deni. Ukishalifuta, kila aliyekuwa akihusika hupumua. London walipumua. Bunge lao liligombana, waziri wa chakula John Strachey alisemwa sana, halafu wakageukia mambo mengine. Kilichobaki Nachingwea baada ya watu kupumua kilikuwa mji mpya wenye barabara zilizonyooka, uwanja wa ndege, mashamba yenye namba badala ya majina, na reli inayofanya kazi.

Mashamba hayo yalirithiwa katikati ya miaka ya 50 na shirika la kilimo la Tanganyika, TAC, likaendelea kwa kiasi kidogo. Reli ilibaki mikononi mwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lile lililoundwa 1948 kwa kuunganisha reli za Tanganyika na zile za Kenya na Uganda, makao makuu yake yakiwa Nairobi. Nairobi waliletewa mtoto wa kambo. Reli yetu haikuungana na reli nyingine yoyote. Ilianza baharini ikaishia porini. Injini ikiharibika haikuweza kuvutwa hadi karakana ya Dar es Salaam. Kila spea ilibidi ipite baharini.

Ni haki kusema kwamba walijaribu kuitafutia kazi. Mwaka 1958 tawi lilifunguliwa hadi Masasi, ili mazao ya watu wa huko nayo yateremke Mtwara kwa treni. Mzigo ulikuwepo, lakini ulikuwa mzigo wa wakulima wadogo: korosho, ufuta, karanga, mihogo mikavu. Unakuja miezi michache baada ya mavuno, kisha unakatika. Na unakuja upande mmoja. Kushuka pwani behewa lina magunia. Kupanda bara lina chumvi, sukari, nguo, bati, mafuta ya taa, na nafasi tupu nyingi.

Hapa inabidi tueleze kidogo jinsi hesabu ya reli inavyokwenda, kwa faida ya wenzetu ambao si wa fani hii. Lori likikosa mzigo unaliegesha chini ya mwembe, dereva unamwambia aje wiki ijayo. Reli huiegeshi. Nyasi za kwenye tuta lazima zifyekwe, madaraja yakaguliwe, mataruma yabadilishwe, stesheni masta na mafundi wa njia walipwe, iwe treni zinazopita ni mbili kwa wiki au ni ishirini. Gharama hizo hazijali una magunia mangapi. Kwa hiyo reli iliyopimwa kwa mashamba 55 makubwa, ikiachiwa mzigo wa majembe ya mkono, itaonyesha hasara hata ikiendeshwa na malaika. Tena lori lilikuwa mshindani asiye na haya. Kiangazi, barabara zikiwa kavu, lori linafika hadi mlangoni kwa mkulima na kuchukua mzigo mwepesi kuuchukua. Masika lori likikwama matopeni ndipo watu wanaikumbuka stesheni.

Mwaka 1962 reli ikafungwa. Uhuru ulikuwa haujatimiza hata mwaka wa pili. Vyuma vikang'olewa.

Tangu 1949 hadi 1962 ni miaka 13. Ni umri wa mtoto anayemaliza darasa la saba. Kuna watu walizaliwa wakasikia honi ya treni wakiwa mgongoni mwa mama, na kabla hawajabalehe honi imenyamaza. Sisi tuliozaliwa baadaye tulikuta jina tu, na sehemu za tuta ambazo nyasi zimeota na ng'ombe wanapita.

Je, walikosea kuifunga? Tumeligombania swali hili katika vikao vya maandalizi ya kijitabu, na maoni yetu hayakufanana, lakini walio wengi wanaona hivi. Tungekuwa sisi tumekaa mezani mwaka 1962, nchi changa, hazina nyembamba, shule na zahanati zinadai fedha, na mbele yetu kuna kitabu kimoja tu, kile cha shirika la reli, huenda nasi tungetia sahihi. Kitabu kile kilikuwa sahihi kwa jinsi kilivyofungwa. Shida yake ni kwamba kilikuwa kitabu cha mwenye reli. Hakuna aliyefungua kitabu cha pili, cha mwenye gunia.

Tuchukue mfano wa kubuni, namba zake ni za mafundisho tu. Bei ya zao la kuuzwa nje haipangwi Nachingwea. Inapangwa ng'ambo na inajulikana bandarini. Gunia lina thamani ya shilingi 100 Mtwara. Kulifikisha huko kwa treni ni shilingi 8, kwa lori ni shilingi 12. Mnunuzi hatoi tofauti hiyo mfukoni mwake. Anakuja Nachingwea na bei ambayo usafiri umekwisha kukatwa. Mkulima aliyekuwa apate 92 anapata 88, na hajui kwa nini, kwa sababu hakuna mtu aliyemwandikia stakabadhi ya hizo 4. Zidisha kwa kila gunia, kila kijiji, kila msimu, miaka sitini. Siku reli ilipofungwa, hasara ilifutika katika vitabu vya Nairobi. Kwenye mapato ya mkulima ndipo ilipoingia, na mkulima hana mkaguzi.

Na chumvi vile vile. Bati la kuezekea, saruji, daftari la shule, vyote vilivyopanda kutoka pwani vilibeba nauli ya lori ndani ya bei. Hata zahanati zetu na hospitali ya misheni ya Mnero zilipokea dawa kwa barabara ile ile.

Tunaloliona kuwa kosa la wazi zaidi ni kung'oa vyuma. Kufunga njia ni jambo moja, kuing'oa ni jingine. Njia iliyofungwa unaweza kuifungua miaka kumi baadaye ukiona mzigo umekuja. Iliyong'olewa inabidi uanze upya kuanzia upimaji. Na mzigo ulikuja. Mikorosho iliyokuwa ikipandwa kusini kote miaka ile ilikuwa bado inakua reli ilipoondoka. Ilizidi kuzaa mwaka hadi mwaka, na msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka mikoa ya kusini. Hiyo ni miaka 11 tu baada ya treni ya mwisho. Serikali ikakopa fedha za Benki ya Dunia ikajenga viwanda vya kubangua, kimoja kikiwa kwetu Nachingwea. Tulipata mzigo na kiwanda wakati reli imekwisha kuwa chuma chakavu.

Mwenzetu mmoja katika kikao alipinga, na hoja yake tunaiandika kwa kuwa ina uzito. Alisema hata kama reli ingenusurika hadi 1974, isingevuka miaka ya 80. Watu walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, bei ikaanguka, na katikati ya miaka ya 80 nchi nzima ilikuwa inavuna chini ya tani 20,000. Viwanda vyenyewe vilifungwa, cha kwetu nacho. Reli ingekufa tu. Inawezekana. Ila msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 300,000, na wote tuliona malori yalivyopanga foleni kuingia Mtwara. Mti wa korosho una subira kuliko mashirika.

Turudi nyuma kidogo, maana Nachingwea haikulala baada ya treni. Mashamba ya karanga yalipata kazi ambayo Frank Samuel hakuiota. Shamba namba 17, ambalo hadi leo tunaliita Farm 17, likawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza Septemba 1964, na Nachingwea ikawa chuo chao kikuu cha kijeshi, Samora Machel akiwa ndiye kamanda. Mwezi Mei 1975 alitoka Nachingwea kwenda kuvuka Ruvuma na kuzunguka nchi yake kuelekea Maputo, ambako uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni. Wazee wetu waliishi na siri kubwa ya nchi nyingine kwa miaka kumi, wakalisha, wakauguza, wakanyamaza. Hilo lina makala yake na tunaahidi kuliandika. Tunalitaja hapa kwa sababu moja ya kihesabu tu: vita vizima vile, na kila kilicholetwa kambini, kilikwenda kwa malori, juu ya barabara za udongo, sambamba na tuta lisilo na reli.

Kuhusu barabara, waliosafiri miaka ya 90 hawahitaji kusimuliwa. Kivuko cha Ndundu kwenye Rufiji, foleni ya kulala, mvua ikinyesha basi linakaa porini siku tatu na abiria wanachemsha chai kando ya gurudumu. Wengine tulipanda meli hadi Mtwara tukaona heri kutapika kuliko kusukuma basi. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, lami ikafuata vipande kwa vipande, na leo mtu anafika kwao bila kuaga kama anakwenda vitani. Tunashukuru kwa hilo bila masharti.

Lakini kuna neno tena la reli. Wasomaji mmelisikia: reli ya kisasa kutoka Mtwara kupitia Songea hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, ikiwa na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Ni mradi wa karibu kilomita 1,000, umezungumzwa muda mrefu na kupimwa. Kila ukitajwa bungeni, simu zetu zinaita. Ndugu wa nyumbani wanauliza kama ni kweli, na wapo ambao tayari wananunua viwanja kwa kufuata tetesi za mahali stesheni itakapokaa. Tunaomba radhi kwa kuwa wakavu, ndiyo kazi yetu. Someni jina la mradi tena. Majina yaliyomo ni Mtwara, Mbamba Bay, Mchuchuma na Liganga. Nachingwea haimo. Mzigo unaotajwa ni makaa ya mawe na chuma. Hiyo ni reli nyingine tena inayopigiwa hesabu ya mzigo mmoja mkubwa ambao bado uko ardhini, na sisi tuliwahi kuona mambo hayo.

Hatusemi isijengwe. Ikijengwa na ikapita jirani, tutaishangilia, na tutataka tawi. Ila safari hii tunataka kuwa na kitabu chetu mkononi kabla wapimaji hawajafika: gunia ngapi za korosho, ufuta na mbaazi zinatoka katika kila kata, mwezi gani, kwa nauli gani hadi Mtwara, na bei ya mfuko wa saruji ikoje Mtwara na ikoje Nachingwea mjini. Taarifa hizi zipo kwenye vyama vya msingi na kwa wenye maduka, zimetawanyika tu. Kamati imekubali vijana wetu wawili walio vyuoni wazikusanye wakati wa likizo. Nauli na posho zao zimo katika bajeti, ukurasa wa mwisho, mstari wa saba. Ni fedha ndogo ukilinganisha na bweni la wasichana, ambalo linabaki kuwa kazi kubwa ya mwaka huu na ndilo litakalobeba sehemu kubwa ya michango yenu.

Kuna ombi la pili, na hili halingoji likizo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 reli ilipofungwa, leo amevuka 80. Waliojenga tuta, waliopiga nyundo mataruma, waliobeba magunia kwenye majukwaa, waliouza uji na mihogo ya kuchoma kwa abiria, wamebaki wachache, na kila tukikutana msibani tunagundua wamepungua. Ripoti za wakubwa wa mradi zimehifadhiwa London. Za mafundi wa njia wa Nachingwea hazijahifadhiwa popote isipokuwa vichwani mwao. Hatujui hata orodha kamili ya majina ya waliofanya kazi katika stesheni yetu wenyewe, na hilo ni jambo la familia zetu, si la maktaba ya mtu mwingine.

Kwa hiyo kila atakayekwenda nyumbani mwaka huu, iwe harusini, msibani au kuvuna, tunamwomba akae na mzee mmoja na simu yake ikiwa inarekodi. Muulize alipanda treni ikitoka wapi kwenda wapi, alilipa kiasi gani, alibeba nini, na siku vyuma vilipong'olewa yeye alikuwa wapi. Mwache aseme kwa lugha anayoipenda, Kimwera, Kimakua, Kiyao au Kimakonde. Tafsiri tutaifanya sisi. Tunatafuta pia vitu: tiketi, kipande cha kibarua, barua ya ajira au ya kuachishwa kazi, taa ya stesheni, picha yoyote yenye behewa au jengo nyuma ya watu wanaopigwa picha. Usitupe picha kwa kuwa sura haionekani. Nyuma ya sura ndiko tunakotazama.

Rekodi na vitu wakabidhiwe wajumbe wa matawi kabla ya mkutano mkuu. Kila kitu kitaandikwa kwenye daftari kwa jina la mwenyewe, kitapigwa picha, na kitarudishwa siku hiyo hiyo kwa sahihi.